Ukali wa Kuondoa na Ukali wa Kuacha

Cherehani mpya ni nzito. Jambo hili huwashangaza wanaonunua kwa mara ya kwanza, maana tumezoea kuona uzito wa mashine kuwa ugonjwa wa uzee. Kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kutoka Rumonge mjini kushuka hadi Kigwena na mbele kuelekea Nyanza-Lac, mshonaji hufungua sanduku akakuta kichwa cheusi kinachong'aa, kimenakshiwa kwa rangi ya dhahabu. Anakifunga juu ya meza yake, anavuta kiti, anaweka miguu kwenye pedeli. Haupiti muda furaha imepungua. Pedeli inagoma. Gurudumu linazunguka, lakini katika kila mzunguko lina mahali pamoja linaposita. Uzi unakatika bila sababu, na mshono ukipendeza juu, chini umejaa vitanzi. Hapo ndipo majirani humwelekeza kwa fundi.

Fundi ninayetaka kumsifu ana kibanda Kigwena, kando ya RN3, barabara inayofuata ziwa kutoka Bujumbura kwenda kusini. Eneo hilo linajulikana zaidi kwa mambo mawili: michikichi iliyotanda pande zote, na msitu wa hifadhi wa hekta mia tano hivi, mabaki ya misitu ya tambarare iliyokuwa ikifunika ukanda huu kabla ya mashamba. Kibanda chenyewe kina benchi, bati la kukinga jua, na kopo la vipuri ambalo hakuna anayeruhusiwa kulichokonoa.

Kiswahili chake ni cha Kigoma, na si ajabu. Mauaji ya 1972 yaliwatawanya watu wengi wa ukanda huu hadi Tanzania, wakajenga upya maisha yao katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Vita vilivyoanza 1993 vikaongeza wimbi jingine, safari hii katika kambi za mkoa wa Kigoma. Ile ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Waliorudi Rumonge na Nyanza-Lac walikuta mashamba yana wenyewe wapya na kesi za ardhi zisizokwisha. Lakini ufundi wa mikono hauna mpaka wa shamba. Aliyejifunza kushona kambini alirudi anajua kushona, na aliyejifunza kutengeneza cherehani alirudi na riziki yake kichwani. Fundi wetu ni wa kundi hili la pili.

Mteja akifika, fundi hagusi bisibisi. Kwanza anasikiliza.

"Shikamoo mzee. Mashine yenyewe ni mpya kabisa, lakini inanichosha kuliko ile kuukuu ya mama."

"Marahaba, mwanangu. Ya mama yako imeshonewa miaka mingapi?"

"Tangu sijazaliwa."

"Basi ile imekwisha kulainika kazini. Hii yako bado haijaguswa na mtu."

Ni jibu fupi, nalo ni sahihi kiufundi. Cherehani nyingi za miguu zinazouzwa sokoni kwetu, ziwe zimeandikwa Singer au Butterfly ya Shanghai au jina jingine lolote, zimefuata umbo moja la Singer lililoenea duniani tangu mwishoni mwa karne ya 19. Umbo hilo ni jema na limejaribiwa na vizazi. Tofauti iko katika kumalizia. Chuma kinapokatwa na mashine kiwandani, kingo zake hubaki na vichuma vyembamba vilivyosimama, vidogo hata jicho halivioni. Nyuso zinazopaswa kuteleza hubaki na mistari ya kisu. Kiwanda kinachouza kwa bei ya juu humlipa mtu aviondoe. Kinachotaka bei ya chini huifunga mashine kama ilivyo, na kazi hiyo ya mwisho humwangukia mnunuzi bila kuandikwa kwenye risiti.

Juu ya hayo kuna grisi. Mashine inayovuka bahari hupakwa mafuta mazito ili isishike kutu. Ikitoka bandari ya Dar es Salaam inaweza kwenda kwa reli hadi Kigoma na kuvuka ziwa, au kuzunguka kwa malori, kisha ikae ghalani miezi. Grisi iliyowekwa kuilinda hukauka, ikawa gundi. Mteja anapolalamikia uzito, mara nyingi analalamikia mambo mawili yaliyochanganyika: gundi inayoshika na chuma kinachokwaruza. Fundi mbaya huyatibu yote mawili kwa tupa.

Fundi wetu huanza kwa kutenganisha. Anavua mkanda wa ngozi, kisha anakanyaga pedeli peke yake. Kama gurudumu kubwa la chini bado ni zito, kosa liko kwenye meza, hata kichwa hakihusiki. Pedeli hushikwa kwa skrubu mbili zenye ncha, moja kila upande, zinazoingia kwenye vishimo vyake. Aliyefunga meza akizikaza kwa nguvu zote, mshonaji atasukuma siku nzima dhidi ya skrubu hizo. Akizilegeza mno, pedeli itagonga. Fundi huzirudisha nyuma kidogo, anazijaribu kwa vidole mpaka pedeli ianguke yenyewe kwa uzito wake bila kuyumba, ndipo anakaza nati za kuzifunga. Nimewaona watu wakilipia safari kutoka Rumonge mjini kwa kosa hili moja tu.

Meza ikiwa salama, anahamia kichwani. Anazungusha gurudumu la mkono polepole kuelekea kwake, macho yakiangalia barabarani. Huangalia barabarani kwa makusudi, ili kazi yote ifanywe na kiganja. Anatafuta pale mahali pa kusita. Akishapajua, anaondoa vitu kimoja kimoja: anakitoa kijumba cha bobini, anazungusha; anaitoa ndoana, kile chuma chenye ncha iliyopinda kinachokwenda na kurudi chini ya bamba kukamata uzi wa sindano, anazungusha tena. Uzito ukiondoka pamoja na ndoana, basi umefahamika unapokaa. Usipoondoka, anapanda juu kwenye mhimili na fimbo ya sindano. Hii ni akili ya daktari mzuri kuliko ya seremala: hakuna kinachokatwa kabla ugonjwa haujapewa jina.

Kisha yanakuja mafuta ya taa. Kila tundu la mafuta linapewa matone, mashine inazungushwa, uchafu wa kahawia unatoka, unafutwa kwa kitambaa, matone tena. Kazi hii haina utukufu, na ndiyo inayochukua saa nyingi. Mafuta ya taa yakiisha kuosha hayaachwi ndani, maana yanakausha chuma. Mashine inaachwa ipungue unyevu, ndipo yanawekwa mafuta yenyewe ya cherehani, mepesi na meupe, tone moja kila tundu.

Hapa Kigwena inabidi fundi aseme jambo ambalo fundi wa Nairobi pengine hajawahi kulisema: usiweke mawese. Rumonge ndiyo nyumbani kwa mawese ya Burundi. Kila nyumba ina chupa, na mafuta yapo mkononi wakati chupa ndogo ya mafuta ya mashine iko mjini na inauzwa ghali. Mtu anaona mafuta ni mafuta. Fundi hamwambii mengi. Anamwonyesha chupa ya mawese iliyolala usiku kucha kwenye ubao. Juu kuna mafuta mekundu yanayotiririka, chini kuna tabaka zito lililoganda. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda hata katika joto la kawaida la chumba, hivyo kinachoingia kwenye tundu kikiwa chepesi mchana huweza kuwa kizito alfajiri. Na ile sehemu isiyoganda nayo, ikikaa juu ya chuma ikipigwa na hewa, hugeuka utomvu unaonata. Cherehani iliyonyweshwa mawese hufunguka vizuri siku ya kwanza na kukwama kabisa baada ya majuma machache. Fundi amekwisha kupokea nyingi za aina hiyo, zina harufu ya jikoni.

Baada ya kuosha ndipo unafika ufundi ninaoupenda zaidi, wa kutafuta ukali.

Anachukua pamba kidogo, anaivuta taratibu kwenye njia yote ambayo uzi utapita: kwenye vishikizo vya juu, kati ya visahani vinavyobana uzi, kwenye tundu la bamba la sindano, juu ya mgongo wa ndoana. Pamba hupita salama kwenye chuma laini. Penye kichuma kilichosimama, hunasa na kuacha unywele mmoja mweupe. Unywele huo ndio ramani yake. Hagusi mahali ambapo pamba haikuonyesha kosa, na hapo tayari amewashinda wengi, kwa sababu mkono wenye msasa hupenda kuendelea kusugua mahali popote panapong'aa.

Tundu la bamba hulainishwa kwa uzi mnene uliopakwa dawa ya kung'arishia shaba. Anaupitisha tunduni, anauvuta mbele na nyuma huku akiuzungushia pande zote, ili tundu libaki duara. Tupa ingeling'arisha pia, lakini ingelipanua, na tundu lililopanuka humeza kitambaa chepesi. Kwa mgongo wa ndoana anatumia msasa wa maji mwembamba sana, uliokatwa ukanda wa upana wa ukucha, akisugua kufuata mwendo wa uzi, kamwe si kuukata. Anasugua kidogo, anafuta, anapitisha pamba. Anarudia. Mara nyingi misuguo michache inatosha, na anasimama pale ambapo mtu mwingine ndiyo kwanza angekuwa anachangamka.

Ncha ya ndoana haigusi. Hapa inabidi kuieleza mashine kidogo. Sindano inaposhuka hadi mwisho na kuanza kupanda, uzi nyuma yake hutanuka kuwa kitanzi kidogo. Kwa wakati huo, sindano ikiwa imepanda milimita mbili na kitu, ncha ya ndoana hupita nyuma yake, juu kidogo ya tundu la sindano, karibu kabisa bila kuigusa, na kuingia ndani ya kitanzi. Kila mshono duniani uliopigwa na mashine ya namna hii ulitegemea ncha hiyo kuingia penye nafasi nyembamba kama karatasi. Ncha butu huusukuma uzi pembeni, na mshono unaruka. Kwa hiyo kipande kilekile cha chuma, kirefu kama kidole gumba, kina mgongo ambao lazima uwe laini kama kioo na ncha ambayo lazima iwe kali. Umbali kati ya sehemu hizo mbili hauzidi upana wa punje ya mchele, na mkono wa fundi unajua inakoishia moja na kuanzia nyingine.

Meno yanayosukuma kitambaa nayo ni vivyo hivyo. Mwanafunzi mmoja kibandani hapo, kijana mwenye bidii, aliona meno yanakwaruza kidole akataka kuyapitishia msasa. Fundi alimshika mkono. "Hayo yaache. Yakiwa laini, kitambaa kitasimama mahali pamoja na sindano itakichoma mpaka kitoboke." Mguu unaokandamiza kitambaa kutoka juu unatakiwa uteleze, meno yaliyo chini yake yanatakiwa yashike. Kitambaa hupita kati ya ulaini na ukali, na mashine nzima hufanya kazi kwa sababu vitu hivyo viwili havikubadilishana nafasi. Ndiyo maana pia hairuhusiwi kuizungusha cherehani tupu huku mguu umeshushwa: meno yatasaga chini ya mguu, na ule ukali uliotakiwa kubaki ndio utakaoondoka.

Nadhani hili ndilo kiini cha ufundi wake wote. Kulainisha si kufuta kila ukali unaoukuta. Ni kujua ukali upi ni kosa la kiwanda na ukali upi ndio kazi yenyewe. Mafundi wa vyuma vingine wanaijua kanuni hii. Anayelainisha kifyatulio cha bastola mpya hukutana na mtihani uleule: nyuso ndogo za chuma zinazoteleza zikisukumwa na springi, na kidole kinachohisi kila mkwaruzo. Anaweza kuzing'arisha nyuso hizo, lakini pembe ya kile kishikizo kinachoizuia nyundo isianguke haibadilishi, kwa kuwa usalama wote umekaa hapo. Akiilegeza pembe hiyo, kifyatulio kitakuwa chepesi cha kupendeza, na silaha itaweza kulia yenyewe ikidondoka. Kwenye cherehani kosa la namna hiyo halimuui mtu. Linamharibia mtu mtaji wake, na kwa mama anayelisha watoto kwa mishono hilo si dogo.

Springi nazo zina adabu yake. Iliyo muhimu kuliko zote ni kibamba chembamba kilicho ubavuni mwa kijumba cha bobini, kinachobana uzi wa chini. Kinashikwa na skrubu ndogo inayopotea ikidondoka kwenye vumbi. Fundi hukifungua juu ya kitambaa cheupe, anafuta vumbi la pamba na madoa ya kutu chini yake, anakirudisha. Kisha anakishika kijumba kwa uzi wake kining'inie hewani. Kikiteremka chenyewe hadi chini, uzi umelegea. Kisiposhuka hata anapokitikisa, umebanwa mno. Anachotaka ni kijumba kitulie, na akikitikisa kwa mkono, kishuke kidogo kisha kisimame tena. Kwa kufika hapo anageuza skrubu kwa robo ya mzunguko, mara nyingine chini ya hapo. Hakati springi, haipindi kwa koleo. Skrubu iliyozidishwa inarudishwa. Springi iliyokatwa hairudi.

Uzi wa juu unafuatia, na kwa huo anatumia rangi mbili, nyekundu juu na nyeupe chini. Nyeupe ikijitokeza juu ya kitambaa, juu kumebana. Nyekundu ikionekana chini, juu kumelegea. Zikikutana katikati ya kitambaa zisionekane popote, basi. Wateja hupenda hatua hii kuliko zote, kwa kuwa ni ya kwanza wanayoweza kuihukumu kwa macho yao.

Mtihani wa mwisho ni kaki. Wanafunzi wa shule za msingi Burundi huvaa sare ya kaki, na majuma ya kabla ya shule kufunguliwa Septemba ndiyo mavuno ya mshonaji. Kitenge husamehe, kaki haisamehe. Fundi anakunja kipande mara mbili, mara nne, mpaka unene wa pindo la mfuko wa suruali, anakanyaga. Anatazama kama pedeli inapunguza mwendo inapopanda kwenye unene, na kama mshono unabaki na urefu uleule unaposhuka upande wa pili. Halafu anainuka na kumpisha mteja, kwa sababu mguu wa mwenye mashine ndio utakaokaa hapo kutwa. Umeme ukikatika, au dizeli ya jenereta ikiadimika kama ilivyotokea Burundi miaka hii, mguu huo hauna likizo. Uzito kidogo kwenye pedeli, ukizidishwa kwa kutwa nzima ya kukanyaga, huwa maumivu ya nyonga na magoti.

Kazi ya namna hii ina tatizo moja sokoni: haionekani. Aliyebadilisha kipuri anaonyesha kipuri cha zamani, mteja analipa bila maneno. Fundi wetu hana cha kuonyesha ila kitambaa chenye madoa ya kahawia na vumbi la chuma lisilojaza kijiko. "Mzee, hujabadilisha hata skrubu moja," mteja humwambia bei inapotajwa. Naye hujibu kwamba ndiyo, hajabadilisha, na kwamba angelipwa vizuri zaidi kama angeharibu kitu akakinunua upya. Wengine hucheka wakalipa. Wengine hupunguza.

Anawadai jambo moja zaidi, na wengi hulisahau: mashine irudi baada ya msimu wa kwanza wa sare. Vyuma vipya huendelea kulainishana vyenyewe katika miezi ya mwanzo, na mafuta yanayotoka wakati huo ni meusi kwa unga wa chuma. Unga huo usipooshwa, unasaga kila unapopita, na ulaini uliopatikana kwa subira unapotea. Kuosha na kutia mafuta upya ni kazi ya nusu saa.

Kwa hiyo anayepanga kununua cherehani Rumonge afanye hesabu yake upya. Bei iliyo dukani ni ya chuma. Atenge fungu la fundi pembeni kabla hajalipa, pamoja na chupa ndogo ya mafuta ya mashine, na safari ya pili baada ya Septemba. Na akitaka kumjua fundi wa kumwamini, asimpime kwa wingi wa zana zake. Amuulize ni sehemu gani za mashine hiyo asingezigusa. Mwenye orodha ndefu ndiye.